Siku Chui Alipofua Mfarishi

—Ngano, ngano!
—Ije!
—Ije na nini?
—Ije na uongo mweupe!
—Nikiufua je?
—Usichuje!

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kututafunia muhogo masikioni.

Zamani hizo Simba alikuwa ametangaza: hakuna kumla jirani asiye na kosa. Chui hakulalamika. Alianza kutafuta makosa. Swala alipopiga chafya, kosa. Ngiri alipokanyaga kivuli chake, kosa. Chui akanenepa, tena kihalali.

Bondeni aliishi Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto watatu na sindano moja. Aliokota vitambaa vilivyotupwa na watu, akaunga kiraka kwa kiraka, akatia pamba katikati, akapata mfarishi mzito wa kuwafunika wanawe wakati wa baridi. Ulikuwa na viraka vyeupe, na vingine vyekundu, vipya, ambavyo havijawahi kuonja maji.

Asubuhi moja, tii! tii! tii! Chui huyo mlangoni. Akauvuta mfarishi, akajifutia mdomo wenye mafuta.

"Bi Nguchiro, huu sasa ni wangu. Lakini mchafu. Ufue."

"Nitaufua, bwana mkubwa."

"Jua likizama nakuja kukagua. Nyekundu ikiingia kwenye nyeupe, umeniharibia mali. Hilo ni kosa, na kosa linaliwa. Hawa watoto nakwenda nao, wawe rehani."

Akawaswaga watoto mpaka kwenye pango lake, pale ng'ambo ya uwanja, akaziba mlango kwa jiwe. Kitinda mimba alilia "Mama! Mama!" mpaka sauti ikafunikwa na jiwe.

Bi Nguchiro akalowesha kitambaa cheupe, akakibandika juu ya kiraka chekundu, akakandamiza, akafunua. Kitambaa chekundu!

Dawa aliijua. Ni chumvi. Ni maji baridi mengi, kusuuza na kusuuza mpaka yatoke safi. Halafu kuutandaza kivulini upesi, usikae umekunjwa na umajimaji wake. Lakini chumvi ilikuwa kwa Chui, magunia ya kukaushia nyama. Maji baridi yalikuwa chemchemini, juu mlimani, na yeye angeteka kwa kikombe mpaka jua lizame. Kwake palikuwa na karai na dimbwi tu, na dimbwi limepashwa na jua mpaka linafuka.

Mara akasikia nyasi. Chakacha... chakacha... Chui hakuwa amekwenda kulala. Alijificha hapo, anangoja kosa lake.

Bi Nguchiro akapiga magoti, akaimba kwa kilio:

Mfarishi wangu, usiguswe na chumvi,
chumvi ikikugusa, wanangu wameliwa!
Mfarishi wangu, usiguswe na maji ya chemchemi,
maji yakikugusa, wanangu wameliwa!
Mfarishi wangu, usitandazwe kivulini,
kivuli kikikugusa, wanangu wameliwa!

"Kumbe!" Chui akanong'ona kule nyasini.

Bi Nguchiro akajifuta machozi, na hayo yalikuwa ya kweli. Akasema kwa sauti, "Ngoja nikaokote kuni." Akaingia kichakani, akageuka, akachungulia.

Chui mbio! Akaja na gunia la chumvi begani, he! he! he! Mwaa, ndani ya karai. Akapanda mlimani, akashuka na mitungi miwili, chwaaa! Akautumbukiza mfarishi, akaukanyaga kwa miguu yote minne, chubwi, chubwi, chubwi. Maji yakawa mekundu.

"Inatoka!" akacheka.

Kichakani Bi Nguchiro akauma mkia wake asipige yowe. Maji hayo yakikaa kidogo tu, nyeupe imekwisha. "Mwaga," akaomba kimoyomoyo. "Mwaga, baba, mwaga."

"Haijatosha," akasema Chui. Akamwaga. Akapanda mlimani, akashuka, chwaaa! Chubwi, chubwi! Maji mekundu kidogo.

"Haijatosha!" Akamwaga. Akapanda, akashuka, chwaaa! Chubwi, chubwi! Wekundu umefifia.

"Mbona inagoma?" Akaongeza chumvi. Ikamwingia kwenye nyufa za nyayo, ikamchoma mpaka akarukaruka. Akapanda tena, akashuka tena, ulimi nje. Mwisho maji yakatulia safi, unaona mpaka chini ya karai. Akautandaza mfarishi kivulini, ili auharibu kabisa, akaanguka usingizini hapohapo.

Jua likazama. Chui akafumbua macho, akamkuta Bi Nguchiro amesimama mbele ya mfarishi. Nyeupe ilikuwa nyeupe. Nyekundu ilikuwa nyekundu.

"Bwana Chui, hakuna kosa. Nipe wanangu."

Chui akatazama mfarishi. Akatazama nyayo zake. Akatazama mlima.

"Umenifanya dobi!" akanguruma. "Basi Simba yuko mbali. Leo nakula bila kosa!"

Akasogea. Bi Nguchiro akarudi nyuma, akagota kwenye mwamba. Angeweza kuchomoka akakimbia, lakini watoto? Lile jiwe wa kulisukuma ni Chui peke yake. Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka meno yakagongana. Akafumba macho.

"Nile, Bwana Chui. Nile upesi! Watoto waache mle mle pangoni mwako, tafadhali usiwafungulie. Na mfarishi ujifunike wewe."

Chui akasimama, mguu mmoja hewani.

"Ngoja kwanza. Alichokataza nimefanya, nimeumia. Sasa anaomba. Anaomba aliwe? Nyama yake ina sumu! Anaomba watoto wabaki pangoni mwangu? Wananifanyia nini mle? Na huu mfarishi..."

Akaruka mpaka pangoni, akalisukuma jiwe, gurururu! "Tokeni! Tokeni kwangu! Na wewe mwanamke, beba na tambara lako!"

Hakuwa na haja ya kurudia. Wakatoweka kwenye shimo lao, wanne na mfarishi mmoja. Usiku ule baridi ilikuwa kali, na Chui, akiliogopa pango lake mwenyewe, alikaa nje na njaa yake, akilamba nyayo zenye chumvi.

Tunajifunza nini, watoto wangu? Kwamba msema kweli hashindwi. Mwigeni Bi Nguchiro, aliyesema kweli mara moja tu kwa siku nzima, aliposema "hakuna kosa", na kweli hiyohiyo nusura imponze aliwe.

—Ngano nimeifua, nimeianika.
—Ikikauka?
—Ikunjeni wenyewe. Mie si dobi.