Viatu Vyekundu vya Kulwa na Doto

Ndugu zangu, kulikuwa na baba mmoja, fundi baiskeli, aliyejaliwa mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Walifanana, jamani! Hata mjomba wao akitaka kumtuma mmoja alikuwa anaita majina yote mawili, atakayeitika ndiye huyo huyo. Baba yao hakuwa na raha kubwa duniani kama kupita nao barabarani, watu wakisimama na kuuliza, "Huyu nani, na huyu nani?" Gauni zao sawa, nywele zimesukwa sawa. Mmoja akikohoa, wote wawili walinyweshwa dawa!

Pasaka ikakaribia, baba akataka kuwanunulia viatu vyekundu. Si mnajua tunavyopima? Unachukua kijiti, unakilaza chini ya unyayo wa mtoto, unakikata, unakwenda nacho sokoni. Kulwa akapimwa. Doto alikuwa ameenda kuteka maji.

"Msubiri basi na mwenzake," mama akasema.

Baba akacheka. "Mke wangu, hawa ni mapacha! Nikimpima mmoja nimewapima wote."

Je, wewe ungesubiri? Haya.

Jumapili asubuhi, vya Kulwa vikaingia vizuri. Vya Doto viliingia kwa mafuta ya kujipaka na kusukumwa.

"Baba, vinanibana."

"Vinakubanaje, na mwenzio hajabanwa? Acha kudeka."

Wakashika njia ya kanisani, baba mbele, kifua kimemjaa. Nyuma yake Doto akaanza kuchechemea. Baba akageuka. "Doto! Tembea kama mwenzako!" Mtoto akajikaza, machozi yanamlengalenga. Mbele kidogo baba akageuka tena, akapigwa na butwaa. Sasa walikuwa wanachechemea wote wawili, sawasawa kabisa!

Mama mmoja aliyekuwa akipita akashika mdomo. "Masikini! Watoto wazuri hivi, na wote wana miguu mibovu?"

Aibu ikamshika baba. Akamvuta Kulwa pembeni. "Wewe nawe una nini? Viatu si vinakutosha?"

"Vinanitosha, baba."

"Sasa?"

"Umemwambia Doto atembee kama mimi, na yeye hawezi. Nikaona basi mimi nitembee kama yeye."

Baba akamrudia Doto. Akapiga magoti vumbini na suruali yake ya sikukuu, akamvua Doto viatu, akayaona malengelenge. Moyo ukamuuma. Akambeba mgongoni mpaka kanisani, na siku hiyo hakuna aliyeuliza huyu nani na huyu nani.

Mnacheka? Chekeni, lakini baba huyo ni sisi. Mjane akichelewa kusahau, tunasema mbona fulani alishasahau. Kijana akishindwa shule, tunamtajia kaka yake. Tunampima mmoja, tunawavisha wote, halafu anayelia tunamwita mdekaji.

Mungu wetu angeweza kusimama kule mbele na kutupigia kelele, "Tembeeni kama mimi!" Hakufanya hivyo. Alishuka, akachoka kama sisi, akalia kama sisi, akatembea mwendo wetu huu huu wa kuchechemea, ingawa yeye hakubanwa na kiatu. Hiyo ndiyo Injili, wapendwa, na yule mtoto aliihubiri kwa miguu kabla mimi sijafungua mdomo.

Basi tukitoka hapa leo, yuko mmoja kati yetu atakayekwenda polepole. Usimuulize kwa nini. Punguza mwendo, mwende wote.