Jiweni Mpaka Kisimani

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kiasi cha kutuchosha, palikuwa na nchi yenye Baraza Kuu la majaji watatu. Walichokata hao kilikatika. Juu yao hapakuwa na wa kukata rufaa kwake. Baraza lilikuwa na mila mbili. Kesi ikishasikilizwa, jaji mdogo ndiye anayetangulia kusema, wakubwa wasije wakammezea maneno yake. Na jaji akitengua hukumu aliyoiandika mwenyewe, huvua joho siku hiyo hiyo, halivai tena, na akifa hazikwi kwa ngoma za nchi.

Jaji Mkuu aliitwa Sheweji. Alizipenda ngoma zile kuliko alivyokubali kusema.

Ikaja kesi ya kisima. Bwana Msabaha wa Mpingoni alikizungushia ukuta kisima walichokuwa wakiteka watu wote. Akaonyesha hati ya babu yake: "Shamba langu ni jiweni mpaka kisimani." Basi, hakuna zaidi.

Jaji mdogo, Bi Ndeshi, akatangulia. "Kisima ni mwisho wa shamba, hakimo shambani. Aliyefika mpaka mtoni hajawa mwenye mto."

"Hapana," akasema wa pili. "Ukiniambia nile mpaka nishibe, shibe si yangu?"

Sheweji akacheka, akaungana na wa pili, akaiandika hukumu kwa mkono wake. Ndeshi naye akaandika kurasa tatu za kupinga. Zikatiwa ndani ya jalada, na Sheweji hakuzisoma mpaka mwisho.

Tangu hapo watu wa Mpingoni wakawa wanateka maji bonde la pili, asubuhi kwenda, alasiri kurudi.

Mmoja wao, Bi Siwatu, alikuwa mbishi. Kila mwaka, siku ile ile ya hukumu, alikwenda mjini, akaweka ndoo tupu mbele ya mlango wa Baraza, akakaa, jioni akaondoka. Mwaka wa kwanza askari walimfukuza, na Sheweji akapita. Mwaka wa tano wakampa kigoda, na Sheweji akapita. Mwaka wa kumi Sheweji akasimama, udadisi umemshinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Ndoo tupu ya nini?"

"Kisima mlikitoa ninyi. Nimeileta muione."

"Sasa mbona huingii ndani?"

"Sina kesi, baba. Askari wananiruhusu mpaka mlangoni."

Sheweji akautazama mlango. Miaka kumi bibi huyu anafika mpaka mlangoni, na mlango haujawa wake. Akaingia, akaitisha jalada, akazisoma kurasa za Ndeshi zote tatu. Aliona haya. Hapakuwa na mwingine aliyejua; angenyamaza tu, angezikwa kwa ngoma zake. Kesho yake akaketisha Baraza, akasimulia neno la bibi pale mlangoni, akaitengua hukumu, akaamuru ukuta ubomolewe. Kisha akavua joho, akalikunja mwenyewe.

Mpingoni wana mila yao. Kisima kilichopotea kikarudi hupewa jina la mtu, mmoja tu, ili kisipotee tena. Kila aendaye kuteka hutaja jina hilo: "Naenda kwa fulani." Wakamwalika Sheweji, na Ndeshi pia. Sheweji akaenda, na njia nzima alilitaka lile jina. Ngoma hana tena. Hilo ndilo lililobaki.

"Kiitwe kwa Ndeshi," wakasema vijana. "Aliiona kweli siku ya kwanza, akaisema mbele ya wakubwa."

"Akaisema, kisha akanyamaza miaka kumi," wakajibu wengine.

"Niliisema na kuiandika," akasema Ndeshi. "Jaji hapigi mayowe barabarani."

"Kiitwe kwa Siwatu," wakasema akina mama. "Nani mwingine aliyetembea na ndoo?"

"Lakini neno la mlangoni lilimtoka tu," akasema mzee mmoja. "Hakujua amesema nini."

Siwatu akacheka. "Sikujua, kweli. Nilijua kiu."

"Basi kwa Sheweji," wakasema wazee. "Wale wawili hawakupoteza kitu. Huyu amepoteza joho na ngoma zake, na hakuna aliyemlazimisha."

"Aliyetufungia mlango," akauliza mama mmoja, "asifiwe kwa kuufungua?"

Wote wakamgeukia Sheweji. "Mzee, wewe ndiye umezoea kukata. Tukatie."

Jina lake lilimfika mpaka ulimini. Akalimeza. "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," akasema. "Na joho sina."

Wakakaa, ndoo zimejaa, kisima hakina jina. Basi joho lile leo nawavika ninyi mnaonisikiliza. Je, mtu wa Mpingoni akijitwika ndoo asubuhi na kuulizwa aendako, aseme anakwenda kwa nani? Na aanze aliye mdogo.