Godoro Lisilowahi Kuonja Fimbo

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, alikuwako mjane mmoja jina lake Mafunda binti Kombo, mchoma vitumbua, mwenye watoto wanne na mgongo mmoja, na mgongo wenyewe ulikuwa umekwisha kukata tamaa. Alilala juu ya kitanda cha kamba kilichotandikwa mkeka, na kila alfajiri aliamka amechorwa mistari kama samaki aliyetoka kubanikwa. Watu walimwita mwehu, kwa sababu aliuliza kwa sauti mambo ambayo wenye akili zao waliyanong'ona.

Basi siku moja akaenda kwa Makame, mshona magodoro. Makame akamtolea godoro la makumbi ya nazi. Mafunda akaliketia, akasema, "Hili ninalo nyumbani, tunaliita sakafu." Akatolewa la pamba, akatajiwa bei, akauliza kama bei hiyo ni pamoja na nyumba ya kulitia. Ikawa huyu anaapa, yule anaondoka na kurudi, hata Makame akavuta kutoka pembeni godoro la sufi lililoshonwa kwa mabaki: kipande chekundu, kipande cha mistari, na upande mzima wa gunia la mchele.

"Hili wateja hulikimbia kwa sura yake, Bi Mafunda."

"Nitalilalia gizani, baba. Hata marehemu mume wangu sura hakuwa nayo, na tukapata wanne."

Akajinyoosha juu yake, mgongo ukalia ko! kama mlango uliofunguliwa baada ya msiba. Akatoa akiba yake yote ya vitumbua, akajitwika godoro, akatoka.

Hakufika mbali. Mwaka ule Sultani Shaibu alikuwa ametoa amri kwamba raia yeyote asilalie godoro laini kuliko la Sultani. Atakayekaidi, godoro lake litachomwa moto. Faki, akida wa soko, akamzuia Mafunda njiani, akalibonyeza godoro kwa kidole, kidole kikazama chote.

"Hili ni laini kuliko la Sultani. Litachomwa."

"Umejuaje, baba?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba la Sultani ni gumu kuliko hili. Umelilalia lini? Na siku hiyo Sultani alikuwa wapi?"

Mtu mmoja sokoni akacheka kwa pua. Faki akapiga kelele, "Mimi? Sijalilalia kamwe!"

"Basi hujui. Twende kwa anayejua."

Wakafika barazani. Sultani alikuwa ameketi upande upande, mkono kiunoni, macho mekundu. Mafunda akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Mtukufu Sultani, mimi ni mtiifu wa amri yako. Umesema nisilalie lililo laini kuliko lako. Nami nitapimaje nisichokijua? Niruhusu nililalie la kwako, nione kama nina hatia."

Waziri akaruka. "We mwanamke, huna haya?"

"Haya ninayo, bwana. Godoro ndilo sina."

Sultani, ambaye hakuwa amelala vema tangu atawazwe na hivyo alipenda chochote cha kumsahaulisha, akasema, "Mwacheni alale."

Basi Mafunda akapanda kitanda cha kifalme, na moyo ukamshuka. Lile godoro lilikuwa na mabonge kama gunia la viazi. Akisema kweli, lake litachomwa. Akisema uongo, Sultani atalibonyeza lile la mabaki na kujionea mwenyewe. Akabaki akiikodolea macho dari.

"Waonaje?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu, godoro hili hupigwa lini?"

"Kupigwa?"

"Godoro huanikwa juani, likapigwa fimbo mpaka pamba iinuke. Hili naona halijawahi kuonja fimbo."

Sultani akamgeukia mtumishi wake mkuu. Mzee yule akaanguka kifudifudi. "Mtukufu, nani angethubutu kuinua fimbo juu ya mahali alalapo Sultani?"

"Miaka yote hii?"

"Na ya marehemu baba yako pia, bwana."

Hapo ikadhihiri amri ile ilitokea wapi, maana asiyelala hapendi kusikia mkoromo wa jirani. Mafunda akateremka upesi. "Bwana, amri yako inasema la raia lisizidi la Sultani. Haikusema ni lipi lirekebishwe. Nipe fimbo, amri itimie."

Likatolewa uani juani. Mafunda akakunja kanga kiunoni, akaanza. "Hii ya ushuru wa unga!" Pwa! "Hii ya kisima kilichoziba!" Pwa! "Na hii ya mwenye wivu na usingizi wa maskini!"

"Mtukufu, anakutukana!" akalia waziri huku akipiga chafya.

"Nasema na godoro," akajibu Mafunda. "Kama Sultani yumo ndani, atoke."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwangukia puani. Godoro lilipofura kama andazi, akalilalia, ati kujaribu tu, na kabla baraza halijainama akawa anakoroma. Hakuna aliyethubutu kumwamsha hadi jua lilipoelekea kuchwa. Alipoamka, uso umemlainika, akayabonyeza magodoro yote mawili.

"Langu limelishinda lako. Huna hatia, binti Kombo. Nawe wataka nini, dhahabu?"

"Nataka mtu wa kunilindia, bwana, kesho hadi adhuhuri."

"Kulinda godoro?"

"Kulinda watoto. Godoro bila usingizi ni mzigo tu."

Sultani akamtazama Faki. Faki akatazama chini.

Basi kesho yake waliopita nyumbani kwa Mafunda walimwona akida wa soko uani, mtoto begani, mtoto mgongoni, wawili wakimbana miguu, naye akiwasihi kwa sauti ya chini wasimwamshe mama yao. Na kutoka ndani ukaja mkoromo wa kutikisa makuti, wala hakuna amri iliyouzuia.

Hekaya imelala hapo. Mwenye kelele apite mbali.