Faki na Mafuta ya Mawe

Hapo zamani, katika nchi moja ya bara iliyoitwa Ukunguni, alitawala sultani jina lake Hilali bin Shekuwe, naye alipenda mwanga kama wengine wapendavyo kusifiwa. Jumba lake lilikuwa na taa arubaini, na mafuta ya taa hizo, mafuta ya nazi, yalitoka pwani kwa sultani mwenziwe. Huyo wa pwani alikuwa na taa mia. Basi jambo hilo lilimkaa Hilali kooni kama mwiba wa samaki, maana kula kwa hisani ya jirani ni kazi, na kuona kwa hisani yake ni kazi zaidi.

Lakini nisimseme kwa ubaya mtupu. Sultani Hilali alikuwa na sifa moja ambayo wafalme wengi hawana: neno lake likisha kuandikwa na kupigwa muhuri, halirudi. Alijivunia jambo hilo kuliko taa zake zote.

Nje ya mji palikuwa na kilima kilichoitwa Kilima cha Mkate, kwa kuwa mawe yake ya rangi ya kahawia yalikaa tabaka juu ya tabaka, kama mkate wa kusukuma uliopikwa na mtu hodari. Chini ya kilima palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na chemchemi, na karibu na chemchemi alikaa mchoma chokaa jina lake Faki. Alikuwa fukara kiasi kwamba mwizi aliyepata kuingia kwake alitoka akamwombea dua. Mkewe, Bi Mize, alikuwa mpika marashi. Mume akinuka moshi, mke akinuka waridi, na majirani walisema wakiwapitia barazani hawajui wapige chafya au wavute pumzi.

Ikawa mwaka mmoja mvua kubwa ikalibomoa tanuri la Faki. Mchoma chokaa mwenye adabu ya kazi hujenga tanuri kwa mawe ya mtoni, yasiyojali moto. Lakini mtoni ni mwendo wa nusu siku, na Faki, ambaye akili alikuwa nayo tele, miguu ilimuuma. Akachukua mawe ya kilimani, bapa, mepesi, yanayopangika yenyewe. Akajenga tanuri zuri kuliko yote aliyopata kujenga, akalijaza mawe ya chokaa, akatia moto, akakaa kando akijisifu.

Haukupita muda, tanuri likashika moto. Chokaa haikuungua na kuni zilikuwa hazijakolea. Kuta zenyewe ndizo zilizokuwa zikiwaka, na penye nyufa yakachuruzika majimaji meusi, mazito, yenye harufu ya kuudhi. Faki akachovya kijiti, akakisogeza motoni. Kikawaka kama utambi.

Akaenda mbio kwa mkewe. Bi Mize akaja, akatazama, akanusa, akakunja uso. "Mume wangu," akanena, "jiwe hili ukilipa moto wa wazi laungua bure, na mafuta yake yaenda na moshi. Lipike nipikavyo mimi waridi."

Basi wakalivunjavunja jiwe, wakalitia chunguni, wakakiziba chungu kwa udongo pasibaki pa kupumulia isipokuwa mwanzi mmoja, na mwanzi ule wakaulaza ndani ya maji ya baridi ya chemchemi. Wakakoka moto chini. Mvuke ukapanda, ukapita katika mwanzi, ukakutana na ubaridi, ukageuka mafuta, tone kwa tone. Hata jua lilipopinda yalikuwa yamepatikana mafuta ya kujaza taa moja, na chungu cha marashi cha Bi Mize kilikuwa kimeharibika, hakifai tena waridi wala mchicha.

Na hapo Faki angenyamaza, hekaya hii isingekuwapo. Lakini alikuwa na mdomo usiojua kufungwa. Akapita kwa muuza kahawa, akasimulia, akarudia kusimulia, akaongeza chumvi. Kabla ya adhana ya alasiri askari wawili walikuwa mlangoni mwake, wakamchukua jumbani.

"Wewe ndiwe uliyekamua jiwe?" akauliza Sultani.

"Sikulikamua, bwana wangu. Nililipika."

"Kamua, pika, yote mamoja. Nataka kasiki langu kubwa lijae mafuta ya jiwe, na likijaa nataka lingine. Nitajenga matanuri arubaini chini ya kilima kile. Nawe nakufanya Mkuu wa Matanuri."

Faki akaenda kwao amevaa kilemba kipya. Kilemba kile kilimkaa vizuri kwa siku tatu.

Siku ya nne watumishi wa Sultani wakakata msitu wa kijiji, maana vyungu vilikuwa vikubwa sasa, vya shaba, na vilikula kuni bila kushiba. Siku ya kumi wakachimba mfereji wakaigeuza chemchemi yote, maji yapite juu ya mabomba ya kupoozea mvuke. Yaliingia baridi yakatoka vuguvugu, yana utando juu, na mbuzi wakiyafikia hunusa wakageuka. Wanawake wakawa wanateka maji mtoni, nusu siku kwenda na nusu kurudi. Kisha akaja Waziri Mbwarahaji, mtu mwembamba mwenye sauti nene, akatangaza kwamba mwezi ukiandama kijiji kizima kitahama, kwa kuwa mawe mazuri yapo chini ya nyumba zao.

"Tuhamie wapi?" wakauliza watu.

"Nchi ya Sultani ni pana," akajibu Waziri, akaondoka.

Basi watu wakamgeukia Faki. Hawakumpiga wala kumtukana. Walinyamaza tu anapopita, na hilo lilimuuma zaidi. Bi Mize naye, jioni moja, akaweka ndoo chini, akakaa akitazama nyayo zake zilizopasuka, akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha kulipika. Na wewe ndiye uliyekwenda kutangaza. Sasa tutawaambia nini watu hawa?" Faki akavua kilemba akakiweka chini. Akalia, na alikuwa hajalia tangu utotoni. Ilikuwa imebaki Ijumaa moja mwezi uandame.

Kesho yake akaenda jumbani kusema kweli, maana kwanza mtu hujaribu kweli.

"Bwana wangu, kibaba kimoja cha mafuta haya chala mizigo mitatu ya kuni na maji ya kijiji kizima."

"Kuni za nani?"

"Zako, bwana."

"Na maji?"

"Ya Mungu, lakini yapita katika nchi yako."

"Basi hasara ya nani? Mimi nala changu."

Waziri akaingia kati. "Bwana wangu, huyu mtu mwizi. Makapu mia ya mawe yamechimbwa, na kasiki moja halijajaa. Jiwe halina tumbo la kula mafuta yake. Aliyekula ni huyu. Andika waraka, bwana, tumfunge mkono."

Sultani akapenda shauri hilo. Ukaandikwa waraka, naye Waziri ndiye aliyeutunga, kwamba kila kitokacho katika jiwe la Kilima cha Mkate, kikubwa kwa kidogo, kinachoonekana na kisichoonekana, ni mali ya Sultani peke yake. Na kwamba Ijumaa baada ya sala Faki akilete chote jumbani, kisibaki kitu kilimani. Na atakayebakiza au kuondoa hata konzi moja, mkono wake utakatwa. Ukapigwa muhuri.

Faki akausikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Chote, bwana wangu?"

"Chote."

"Hata kisichopendeza?"

Akajibu Waziri, "Kupendeza na kutopendeza ataamua Sultani. Kazi yako ni kuleta."

"Nimesikia na nimetii," akanena Faki, akainama akabusu waraka. Na watu waliokuwapo walisema baadaye kwamba alipoinuka uso wake ulikuwa umenyooka, kama mtu aliyetua mzigo.

Akarudi kijijini, akawakusanya watu, akasema nao maneno machache. Tangu siku alipopewa kilemba, ilikuwa mara ya kwanza watu kumcheka kwa wema.

Ijumaa ikafika. Sultani alikuwa amewaalika wajumbe wa yule sultani wa pwani, waje waone taa zinazowaka kwa mafuta ya Ukunguni. Madirisha yamefungwa mapazia, ukumbi umetiwa giza, wajumbe wameketi juu ya mazulia. Akaingia Faki na kasiki, nalo halikufika nusu. Taa arubaini zikajazwa, zikawashwa.

Ziliwaka, sikatai. Lakini kila taa ilitoa uzi wa moshi mweusi, na nyuzi zile zikapanda zikatandaza kaniki kwenye dari nyeupe, na harufu ikashuka juu ya wajumbe. Mjumbe mkubwa akajifunika pua kwa kilemba chake, akasema kwa heshima, "Zina nguvu, taa hizi."

"Ni mwanzo tu, bwana wangu," akasema Faki. "Mali yako nyingine ipo mlangoni."

Milango ikafunguliwa. Wakaingia watu wa kijiji, wanaume na wanawake, na punda nyuma yao, kila mmoja na kapu la majivu na vipande vya jiwe lililopikwa. Wakamwaga ukumbini. Ulipojaa ukumbi wakamwaga barazani, na baraza ilipojaa wakamwaga uani, mpaka mti wa mkomamanga wa Sultani ukabaki unachungulia kwa ncha. Wakaja wengine na mitungi ya yale maji yenye utando, wakaitua kwa adabu miguuni pa Sultani, mtungi kando ya mtungi.

"Faki!" akanguruma Waziri. "Uchafu gani huu?"

"Mali ya Sultani. Umetoka katika jiwe. Niliagizwa nisibakize konzi."

Waziri akayatazama majivu, akakumbuka hesabu yake, akadhani amemnasa. "Bwana wangu, tazama uongo wake. Mawe yalikuwa makapu mia. Haya hayapungui makapu mia na ishirini. Mengine ameyatoa wapi?"

"Bwana Waziri," akajibu Faki, "nyumbani kwako wali hupikwa na nani?"

"Na wapishi. Kwa nini?"

"Waulize. Mchele ukisha kuwa wali haurudi katika kibaba chake. Na jiwe hili ni hivyo hivyo. Ukilitoa mafuta laumuka. Nilijaribu kulirudisha shimoni, likafurika. Shimo lilitoa mia, likakataa mia na ishirini."

Mjumbe mkubwa akakohoa. Wengine hawakujua kama ni moshi au ni kicheko.

"Je, ndiyo yote?" akauliza Sultani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kimebaki kimoja, bwana wangu, kile kisichoonekana vizuri. Moshi sikuweza kuubeba kapuni. Kila nikiufunika unatoroka. Nami nina mkono mmoja tu wa kulia. Kwa hiyo nimelijenga tanuri moja hapa nje, chini ya dirisha lako la upande wa upepo, ili usipotee hata kidogo."

Akapiga kofi. Nje moto ukachochewa. Upepo, ambao haukuandikiwa waraka, ukafanya kazi yake ya kila siku, na moshi ukapita kwenye mapazia ukaingia ukumbini, mzito, wa manjano, ukitafuta watu mmoja mmoja. Wajumbe wakasimama. Sultani akasimama. Waziri akakimbilia mlangoni, akazama majivuni hadi magotini.

"Uondoe!" akasema Sultani huku machozi yakimtoka. "Viondoe vyote sasa hivi."

Faki akapiga magoti. "Ningependa, bwana wangu. Lakini waraka wasema ni mali yako, na atakayeondoa hata konzi mkono wake utakatwa. Muhuri wako haurudi. Dunia nzima yajua."

Sultani Hilali akamtazama Faki, akawatazama watu wa kijiji waliosimama wamejaa majivu hadi nyusi, wanawake wenye mitungi ya maji yasiyonyweka. Akachovya kidole katika mtungi uliokuwa miguuni pake, akakinusa, akakipangusa polepole.

"Maji haya," akauliza, "ndiyo mnayokunywa?"

Akajibu Bi Mize, maana mtungi ule ulikuwa wake. "Hatuyanywi, bwana. Twayatazama, kisha twaenda mtoni."

Sultani aliona aibu, na hakuificha; uso ulimbadilika mbele ya wajumbe na mbele ya watu wake. Kisha akatazama dari yake, akamtazama Waziri anayehangaika kutoa kiatu majivuni, na kicheko kikaanza kumpanda toka tumboni. Alijaribu kukizuia kikamshinda. Akacheka akashika mbavu, akacheka akakohoa, na kucheka kwa sultani ni ruhusa, basi ukumbi mzima ukacheka.

"Faki," akasema alipopata pumzi, "umenitia katika chungu ukaziba mdomo. Nionyeshe mwanzi wa kutokea."

"Upo, bwana wangu. Waraka wakata mkono wa atakayeondoa mali yako. Lakini mwenye mali huondoa mwenyewe, wala hakuna kadhi atakayemuuliza. Na penye waraka mmoja nafasi ya wa pili ipo: kwamba kuanzia leo kilima, na chemchemi, na vyote vilivyomo ndani yake ni vya watu waishio hapo, na jiwe lake lisipikwe mpaka wao wenyewe walitake."

Karatasi ikaletwa. Sultani akaandika kwa mkono wake, akapiga muhuri, akampa Bi Mize waraka huo aushike. Kisha akavua joho, akakunja mikono ya kanzu, akachukua kapu, akajaza jivu. Mwenye mali aliondoa mali yake. Akamgeukia Waziri Mbwarahaji akampa kapu la pili.

"Nawe, mtunzi wa waraka," akanena, "nakupa idhini unisaidie. Yapo mia na ishirini. Nenda uanze, na ukifika kilimani waulize wenyewe wanataka uyamwage wapi."

Nami hapa nafunika chungu. Kilichoiva mmekula nyote. Kama kuna palipoungua, mpishi ni mimi.