Kisu Kimoja cha Mzee Songoro

Sogeeni karibu, na mwenye ulimi mrefu auzuie kwanza; mwisho nitamhitaji.

Mzee Songoro alikuwa askari wa liwali miaka ishirini, enzi za magobori. Risasi ilipomvunja mguu wa kushoto, akaingia ufundi wa kushona makubadhi ya ngozi. Nyumbani alikuwa na watatu, wote wakimsaidia kazi. Binti yake Mwanakombo alikuwa na macho: akiona unyayo mchangani, anakwambia kiatu ni cha nani. Mwanawe Msabaha alikuwa na kifua; maji hayakumtisha. Wa tatu ni Tabu, mjane wa kitindamimba wake, na kipawa chake kilikuwa maneno. Wambeya walisema ana domo. Waongo! Alijua tu neno gani liingie wapi.

Lakini askari hastaafu moyoni. Songoro alishona mishono mitatu, akasimama, akatazama njia, akaketi, akasimama tena. Masika moja homa ikampanda, na asubuhi kiti kikawa kitupu, gobori halipo.

Mwanakombo akapita njia zote ameinama. Nyayo zilikuwa mamia. Mwishowe akapiga kelele, "Huyu hapa! Kubadhi la kushoto nimelikata mimi, jembamba kisiginoni." Nyayo ziliishia mtoni.

Tangu mzee avuke, mto ulikuwa umeanza kufura. Msabaha akajifunga kamba kiunoni, akajitosa. Gogo likampiga ubavu, akazama, akaibuka, akaifunga kamba ng'ambo. Wanawake wakavuka wakiishikilia.

Walimkuta kwenye lango la ngome ya zamani ya liwali, alikokuwa akilinda, sasa gofu tupu, amesimama wima mvuani huku meno yakigongana.

"Baba, twende nyumbani," akasema Msabaha.

"Rudi nyuma!" Akamwelekezea gobori.

Kwa askari wa zama zile, kuacha lindo kabla ya kupokewa zamu ilikuwa aibu kuliko kifo. Na wenzake wote walishakufa. Nani ampokee?

Tabu akasogea, mabega juu. "Askari, zamu yangu imefika."

"Umechelewa."

"Mvua, bwana."

"Nani kakutuma?"

"Jemadari. Kasema ukale."

Songoro akamkabidhi gobori, na Msabaha akambeba. Kila hatua chache mzee aligeuka, na kila alipogeuka alimwona Tabu langoni, wima. Ilibidi abaki. Wenzake walipokwisha kuvuka, mto ukajaa, naye akakaa kule siku mbili peke yake akila mahindi mabichi.

Mzee akapona. Ila mkono sasa unatetemeka, na mila ya mafundi wale ni moja: kisu cha ngozi hupewa mtu mmoja, naye ndiye hurithi kiti, wengine watafute kazi nyingine. Ijumaa lazima akitoe.

"Bila macho yangu, Baba, ungefia mvuani," akasema Mwanakombo.

"Macho hayavuki mto," akajibu Msabaha, ubavu bado umefungwa kitambaa.

Tabu alikuwa anakunja mkeka wake. Eda yake imekwisha, na bila kazi atarudi kwa kaka zake, ambao hawamtaki.

Songoro anaogopa kuliko alivyopata kuogopa vitani. Anasimama, anaketi, anasimama, kisu mkononi, na Ijumaa ni kesho.

Haya, nyie mnaonikodolea macho. Ungekuwa wewe, kisu ungempa nani? Na wale wawili, ungewatazamaje usoni?