Maji ya Alhamisi

Mtu mmoja alikuwa na ubao, na ubao ule ndio uliozuia maji ya kijiji kizima. Aliitwa Mrutu. Akiuinua, maji yalitoka bwawani yakaingia mferejini, yakashuka hadi shamba la mwenye zamu. Akiushusha, hakuna aliyevuna kitu cha maana, kwani mvua za upande ule wa mlima huja zikijisikia. Hakuwa mtu mbaya. Hilo mlishike, maana angekuwa mbaya ningemaliza sasa hivi twende tukale.

Kanuni ya ubao ilikuwa moja. Kijana akipata shamba lake, baba yake husimama naye mferejini, miguu majini, na kusema mbele ya Mrutu, "Huyu ni wangu. Akiharibu, niulizeni mimi." Ndipo kijana huingizwa katika zamu ya Jumanne, siku ya wakulima wapya. Kanuni hiyo ilikuwa na akili zake. Zamani watu waliiba maji, kila mmoja akamsingizia mwenzake, hadi wakakatana mapanga. Tangu awepo baba wa kuulizwa, mapanga yalirudi migombani.

Kijijini palikuwa na binti, Nakiete, asiye na baba wala mama. Walikufa kabla hajajua kutamka majina yao. Kijiji hakikumtupa. Kilikaa kikao, kikaamua alelewe katika nyumba za watu, na nyumba inayomlea ipewe unga kutoka ghala la wote. Akalelewa hapa, akahamishiwa pale, akafua nepi za watoto wa huku na kuchunga mbuzi wa kule. Alipokuwa mtu mzima, kikao kilimpa jembe jipya na kipande cha shamba penye mawe, kikapiga makofi. Siku hiyohiyo unga ukakoma. Mwenye jembe halelewi, walisema.

Nakiete aliyatoa mawe peke yake. Akayapanga yakawa ukuta, akapanda maharage, nayo yakaota vizuri kuliko ya wengi, hata watu wakaja kuyatazama. Kikao kikafurahi, kikaongeza wema juu ya wema: kikatenga maji ya Alhamisi yote kwa ajili ya wale waliolelewa katika nyumba za watu. Si siku ya kugombania na mtu. Siku yao. Wakapiga makofi tena, maana makofi hayamchoshi mtu aliyekaa.

Alhamisi Nakiete akaenda bwawani, akavua ndala, akaingia mferejini na jembe lake. Mrutu akamtazama, kisha akatazama nyuma yake kama anayemsubiri mtu aliyechelewa.

"Baba yako yuko wapi?"

"Mzee Mrutu, si wewe uliyechimba kaburi lake?"

"Ni mimi, mwanangu. Lakini ubao unataka mtu wa kusimama. Nenda basi ukamtafute hata mlezi."

Akaenda kwa Nambua, aliyemlea akiwa mdogo. Nambua alikuwa akipeta, na hakuuweka ungo chini. "Mimi nilikulea kwa unga wa kikao, na kikao kilisema nimemaliza kazi. Leo ukibomoa mfereji wa mtu, niulizwe mimi? Wa kwangu tu wananitosha." Akaenda kwa Kiangi, ambaye Nakiete alikaa kwake hadi akawa mkubwa. Kiangi akacheka. "Nikasimame majini niseme wewe ni wangu? Mke wangu ataniuliza nilikuzaa na nani." Kisha akampa hindi la kuchoma, la moto kabisa. Watu wa pale walikuwa wakarimu sana kwa vitu vidogo.

Ndipo Nakiete akaingiwa na swali. Bwawa likijaa halina budi kufunguliwa, la sivyo kuta hubomoka. Sasa kama Alhamisi haina mwenyewe, maji yake huenda wapi? Mwingine angeketi alie. Yeye Alhamisi iliyofuata aliyafuata maji. Alitembea kando ya mfereji, akapita shamba lake mwenyewe, maji nayo yakilipita. Angeweza kupiga jembe mara moja tu ukingoni yakaingia kwake. Hakupiga. Mtu aliyekulia katika nyumba za watu hajazoea kugusa kitu kabla hajaambiwa gusa.

Akateremka nayo mpaka yalikoishia, na yaliishia korongoni. Huko magugu yalikuwa yamempita kimo. Vyura wamenenepa. Matope hayajakauka tangu siku kikao kilipopiga makofi. Akasimama akiyatazama magugu yale, mabichi, yameshiba, wala hakuna aliyeyauliza baba yao yuko wapi.

Kiangazi kikakolea, kijiji kikakaa kikao cha maji. Mrutu akasimama akatoa habari zake kwa uaminifu kama kawaida yake. "Alhamisi tuliitenga, na hakuna hata mmoja aliyesimamiwa. Mimi naona hawa watu maji hawayahitaji. Tuyarudishe kwa wenye zamu." Vichwa vikaitikia. Kiangi akaongeza kwamba vijana wa siku hizi ukiwapa kitu hawathamini.

Nakiete akainuka kutoka nyuma, walikokaa wasio na mtu. "Nimekuja kila Alhamisi."

"Ulikuja peke yako, binti," Mrutu akasema kwa upole. "Ungekuja na baba."

"Ningekuwa na baba, Mzee Mrutu, ningekuja Jumanne na wenzangu."

Mpaka leo natamani kujua kila mmoja alifikiri nini. Nambua alitazama vidole vya miguu yake. Mwishowe mwenyekiti akasema jambo hili ni zito, liwekwe kiporo hadi msimu ujao, wakaingia kwenye habari ya bati za ghala, na hapo kila mtu alikuwa na la kusema.

Maharage hayakungoja msimu ujao. Yalikauka yakiwa na maua. Nakiete akayang'oa, akawapa mbuzi wa jirani, na kesho yake akaenda kufanya kibarua shambani kwa Kiangi, ambako maji hayakosi.

Nanyi mmetenga fungu la kuwasomesha chuo vijana waliolelewa vituoni na katika nyumba za watu. Wamefaulu, nafasi wamepata, na mlangoni mnawataka waje na mzazi wa kuwadhamini. Mwaka umekwisha, fungu limebaki, mmeketi hapa mnashangaa kwa nini hawaji. Mimi nina swali moja. Binti yule alilelewa na kijiji, kwa kikao, kwa unga, kwa makofi. Basi Mrutu alipomwambia angekuja na baba, na wote wameketi pale wanasikia, nani alipaswa kusimama?