Nani Amwendeshe Mzee Mbonea?

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akalale mapema, maana mwisho wa kisa hiki nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kule Upareni, Mzee Mbonea alikuwa na watoto watatu. Namsifu, wa kwanza, alijaliwa sikio: mashine ya kusaga ikiunguruma ng'ambo ya bonde, yeye hukwambia mkanda wake umelegea. Eliamani, wa pili, alijaliwa mikono, na chuma alichokishika kilimtii. Kirumbe, kitinda mimba, alijaliwa moyo wa kukimbilia watu. Ukimwita una shida, anafika hujamaliza kumwita. Wenye maneno yao walisema huyo hakupewa kipaji, alipewa haraka tu.

Mzee alikuwa na gari alilolinunua kabla ya uhuru. Lilikuwa limepandisha mlimani maharusi, wagonjwa na majeneza ya kijiji kizima. Sharti lake lilikuwa moja: likichemsha njiani, dereva akae chini asubiri, mpaka aweze kulaza kiganja juu ya injini na kuhesabu hadi kumi bila kuungua. Hapo ndipo aongeze maji.

Miaka miwili iliyopita mama yao alizidiwa. Kirumbe akampakia kumpeleka hospitali, ambayo iko ng'ambo ya mlima. Jioni alirudi kwa miguu, analia. Gari limezima lenyewe kwenye kona za juu, alisema, na mama amekata roho kando ya barabara. Gari lilivutwa hadi nyumbani, likawekwa bandani. Tangu siku hiyo mzee hakuacha kusema, "Mimi ndiye niliyemuua mke wangu. Gari lilikuwa limechoka, nami sikulitazama."

Alikufa akisema hivyohivyo, Jumanne, katika hospitali ileile. Aliyekuwa kando ya kitanda chake ni dada yake, Nakijwa.

"Dada," alimwambia, "nisirudishwe nyumbani kwa gari la kukodi. Watoto walifufue langu. Atakayelifufua ndiye aniendeshe, na ufunguo ubaki kwake."

Nakijwa akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga. Alidhani kazi hiyo itakuwa ya mtu mmoja. Masikini, hakujua analojitwika.

Waombolezaji wakiwa wamekaa uani, Namsifu aliingia bandani. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaikuta nyeupe kama chai ya maziwa, yaani imeingiwa na maji. Kila mtu akasema ni gasketi, ile inayozuia maji na oili visikutane. Wakafungua, gasketi ni nzima. Namsifu akaziba njia za maji, akasukuma upepo kwa pampu ya baiskeli, akaegemeza ufito kwenye chuma na ncha ya pili sikioni. Akasikiliza hadi shingo ikamkakamaa.

"Upepo unavujia tumboni, kwenye oili," alisema. "Bloku, chuma chenyewe cha injini, imepasuka. Ila chuma kinatembeza sauti, siwezi kujua ni wapi."

Walitafuta Jumatano nzima na Alhamisi asubuhi. Chuma kikipoa ufa wake hujifunga, macho hayauoni. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Nakijwa alikaa kwenye kigoda mlangoni, akimwona kaka yake amelala peke yake kwenye baridi ya mochwari, na roho ikamuuma.

Hapo Kirumbe akasimama.

"Tazameni nyuma, upande wa dereva," alisema. "Gari lilichemsha. Mama alikuwa anakoroma, shangazi, sikuweza kukaa chini nikahesabu kumi. Nilichota maji ya mfereji, baridi kama barafu, nikayamimina. Nikasikia pa! upande ule. Halikuzima lenyewe. Mimi ndiye niliyelipasua."

Namsifu alijifunika uso kwa kitenge. Eliamani alitupa spana chini, akamkunja Kirumbe shati.

"Baba amekufa anajihukumu! Miaka miwili unamsikia, umenyamaza?"

"Nilikuwa natafuta siku ya kumwambia," alisema Kirumbe. "Siku zimeniishia."

Nakijwa alilia kwa ajili ya kaka yake aliyebeba mzigo usio wake hadi kufa.

Wakapaka mafuta ya taa mahali alipoonyesha, wakafuta, wakanyunyiza unga wa chaki. Polepole mafuta yaliyojificha ufani yakalowesha chaki, na mstari mwembamba ukajichora, mrefu kama kidole.

Sasa ikawa zamu ya Eliamani. Chuma cha namna ile ukikichomelea ovyo hupasuka upya, kwa hiyo alikishona. Alitoboa tundu, akakaza skrubu ndani yake, akaikata. Akatoboa tundu la pili likiila kidogo skrubu ya kwanza, akakaza, akakata. Skrubu kumi na tisa, moja baada ya nyingine, hasira ikiwa bado haijamtoka. Ijumaa alasiri injini iliunganishwa, Nakijwa akatoa ufunguo ikajaribiwa, ikawaka, na oili ikabaki oili; naye akaufunga tena pindoni.

Jumamosi asubuhi gari lilisimama uani limeoshwa, tayari kwenda kumchukua mzee. Wote watatu wakaja mbele ya shangazi yao.

"Bila sikio langu mngebadilisha gasketi mpaka leo," alisema Namsifu.

"Na ufa ungejulikana ukabaki ufa," alisema Eliamani. "Aliyelifufua ni aliyelishona. Huyu aliyelivunja asiliguse kabisa."

Kirumbe alipiga magoti.

"Ni kweli nililivunja. Ila bila mdomo wangu mngekuwa bado mnatafuta. Shangazi, mama sikumfikisha. Niache nimfikishe baba."

Nakijwa alifungua pindo la khanga, ufunguo ukawa kiganjani pake. Aliwatazama mmoja mmoja, watoto wa kaka yake, na kila aliyemtazama alimwona ana haki. Kule hospitali mwili ulikuwa umekwisha kuoshwa na kuvishwa suti, unasubiri.

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Ufunguo huo hapo, kiganjani mwa shangazi. Je, wewe ungemkabidhi nani?